Mbalamwezi kwa Baba, Giza kwa Mama

Jumatano, 15 Mei

Leo ziwa limefungwa, na mpaka Agosti hakuna anayejua mimi na mdogo wangu ni wa nani.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikija kulisoma daftari hili uzeeni nitadhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Baba yangu, Elikana, anavua dagaa. Dagaa wa huku kwetu wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, wavuvi wanabaki majumbani. Kwa hiyo baba na mama walipoachana mwaka juzi, hakimu akawaambia mkakubaliane wenyewe kuhusu watoto, wakakubaliana palepale kwenye korido ya mahakama bila kutazamana: siku za mbalamwezi watoto kwa baba, Bangwe, siku za giza watoto kwa mama, Mwandiga. Wenzangu darasani wakiangalia mwezi wanaona mwezi. Mimi naona begi.

Sasa serikali imesimamisha uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane. Hakuna kuvua, kuwe giza kuwe mwanga. Nimemuuliza mama itakuwaje. Akasema, "Itakuwa vilevile. Mwezi haujafungwa." Halafu akaendelea kujaza mawese kwenye chupa zake za kupeleka sokoni, mazungumzo yameisha.

Wema, mdogo wangu, ana miaka minane. Yeye aliuliza samaki watajuaje kwamba wamepewa likizo. Angalau kuna mtu mmoja humu ndani anauliza maswali yanayojibika.

Ijumaa, 17 Mei

Mwezi umeshakuwa mkubwa. Tumehamia Bangwe. Begi lilelile, zipu ileile mbovu.

Jumanne, 21 Mei

Baba hana kazi, na kazi yake sasa ni sisi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, anakaa kibarazani anaangalia maji. Saa moja ameshafagia uwanja nilioufagia mimi. Ananisahihisha kuosha sufuria. Mtu ambaye mwaka mzima nikirudi shule namkuta amelala! Leo amekagua daftari langu la Hisabati, akaniuliza hizi herufi zimefuata nini kwenye namba. Nikamwambia ndiyo aljebra, baba, niko kidato cha tatu. Akasema enzi zao namba zilikuwa namba. Moyoni nilisonya.

Wema ndiye anafaidi. Baba anamfundisha kuziba wavu uliotoboka, wamekaa wawili chini ya upenu, sindano na uzi, wanachekana. Mimi napika.

Alhamisi, 30 Mei

Giza limeanza. Kesho shule inafungwa, na kwa utaratibu tunarudi kwa mama. Jioni baba akaniita. "Mwambie mama yako ziwa limefungwa, siendi popote. Kwangu mimi sasa kila siku ni mbalamwezi."

"Baba, si umpigie tu?"

"Wewe mwambie."

Wote wawili wana simu. Wamefungiana namba tangu mwaka juzi. Simu ni mimi. Tena simu afadhali, huwa inawekwa kwenye chaji.

Ijumaa, 31 Mei

Nimefika Mwandiga na ripoti ya shule mkononi. Mama hata hakuifungua. "Amesemaje?" Nikamwambia. Akaweka mfuniko wa dumu chini. "Mwambie baba yako tulikubaliana kwa mwezi wa mbinguni, si wa serikali. Wanangu nawataka hapa."

Nikarudi Bangwe nikasema. Baba akasema, "Mwambie hao ni wangu pia, sikuwaokota ufukweni."

Nilikuwa wa nne darasani, kama kuna mtu anataka kujua.

Jumamosi, 1 Juni

Mwandiga, Bangwe, Mwandiga, Bangwe. Sina nguvu za kuandika.

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimefanya jambo, na nimelifanya kwa sababu nimechoka, si kwa sababu nina akili.

Baba alisema, "Mwambie mama yako watoto hawatoki hapa mpaka ziwa lifunguliwe, na kama hataki akanishtaki." Nilitembea na maneno hayo mpaka Mwandiga, yananichoma mdomoni kama pilipili. Nilipofika nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda amejishika kiuno, amechoka, mikono yote myekundu kwa mawese. Nikasema, "Baba anaomba akae na sisi likizo hii tu, maana hana kazi, anajisikia mpweke."

Mama aliinua kichwa. "Amesema anaomba?"

"Ndiyo."

"Haya. Likizo hii tu. Lakini wewe Jumamosi uje unisaidie soko."

Niliporudi nikamwambia baba kwamba mama amesema sawa na anamshukuru kwa kutulisha. Baba akakohoa, akaingia ndani, akatoka na samaki wa kukausha, mgebuka aliokuwa ameuficha kwa ajili ya wageni. Tukaula wote.

Yaani ilikuwa rahisi hivyo! Miaka miwili nabeba matusi yao mazima mazima kama mjinga.

Ijumaa, 7 Juni

Siku nne hakuna aliyenuna. Mama kasema, "Mwambie asimlishe Wema dagaa tu kama paka." Nikafikisha: mama anauliza kama Wema anapata mboga. Baba akaenda kununua mchicha. Natengeneza watu wazima kwa mdomo wangu. Nijipongeze mwenyewe, maana hakuna mwingine.

Jumatano, 12 Juni

Baba ana wazo. Anataka Wema aende Kagunga kwa bibi, mama yake baba, Bibi Ndayikunda. Kagunga ni mbali, kule juu karibu na Burundi, mpaka upande boti ya abiria Kibirizi na kukaa majini saa kibao. Anasema bibi miguu inamsumbua, Wema atamchotea maji na kumchangamsha. "Na akizoea, mbona kuna shule pale."

"Na mimi?"

"Wewe umekuwa mkubwa. Utakaa na mama yako muda mwingi, ukasome."

Alisema hivyo akiwa anakata uzi kwa meno, wala hakuniangalia. Mimi na Wema tumehamishwa mara arobaini na kitu tangu waachane, lakini siku zote tumehamishwa wote. Tunalala kitanda kimoja Bangwe na kitanda kimoja Mwandiga. Ndicho kitu pekee ambacho mwezi hauwezi kukibadilisha. Sasa wanataka kukigawa na hicho!

Jumamosi, 15 Juni

Sokoni Mwandiga. Nikamweleza mama habari ya Kagunga. Chupa ilimponyoka. Akasema taratibu, na mama akisema taratibu ujue ni hatari:

"Mwambie Wema haendi Kagunga. Hata siku moja. Akithubutu kumpandisha kwenye boti, hatawaona tena hawa watoto, si giza si mwanga."

Nilirudi na hayo. Nikajua nikiyasema yalivyo, baba atawaka, na akiwaka atafanya kwa kusudi. Nikajua pia nikisema mama amekataa tu, ataniuliza amesemaje hasa. Nikasimama uani. Akaniuliza, "Enhe? Kasemaje mama yako?"

Nikasema, "Kasema asikae sana."

Nilidhani nimenunua muda. Nilidhani ataahirisha, kama anavyoahirisha kupaka nyumba rangi.

Jumanne, 18 Juni

Nimeamka Wema hayupo. Kitanda upande wake kimetandikwa vizuri, shuka limekunjwa, yeye hajawahi kutandika kitanda maisha yake yote. Jirani yetu Scola akanipa habari: wametoka alfajiri na baba, kwenda Kibirizi kuwahi boti ya Kagunga. Baba ameacha ujumbe nisiamshwe, maana jana niliumwa kichwa.

Nimekaa hapa kibarazani tangu asubuhi. Ni wiki moja tu. Baba kasikia "asikae sana", kwa hiyo hatakaa sana. Ni wiki moja tu.

Alhamisi, 20 Juni

Baba karudi peke yake. Ameongea na mwalimu mkuu wa kule. Julai Wema anaanza masomo Kagunga.

"Lakini mama alisema asikae sana!"

"Mwaka si mrefu," akasema. "Na mama yako amekubali. Mimi sikutegemea. Mshukuru sana."



Jumamosi, 22 Juni

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utakatika.

Mama alifika Bangwe mwenyewe. Mtu fulani sokoni alimwambia amemwona Elikana na mtoto Kibirizi. Hajawahi kukanyaga hapa tangu waachane. Alikuja na aproni yake ya soko, hakuivua. Baba alikuwa anapaka lami mtumbwi pembeni ya nyumba. Mama akasimama hatua tatu kutoka kwake, akageuka akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni.

"Yunisi, mwambie baba yako nimemfuata Wema."

Jamani. Mtu yuko hapo! Anasikia! Nikatazama mmoja, nikatazama mwingine. Baba hakuinua kichwa. "Mwambie mama yako Wema yuko kwa bibi yake, ana afya, anakula."

"Mwambie ni nani alimpa ruhusa."

"Mwambie ruhusa alitoa yeye mwenyewe."

Mama akasahau kanuni. Akamgeukia kabisa. "Mimi? Mimi nilitoa ruhusa? Lini, Elikana?"

"Jumamosi ile. Ulisema asikae sana."

"Nilisema nini? Muongo mkubwa wewe! Nilisema haendi! Nilisema hata siku moja!"

Baba akaweka brashi ya lami juu ya kopo. Akanitazama. Mama naye akanitazama. Ilikuwa nafasi yangu pale, mlango ulikuwa wazi, sentensi moja tu ingetosha. Mdomo wangu, ule ulioweza kutengeneza watu wazima, ukakauka.

Nikasema, "Mimi nilifikisha."

Ndiyo, nimeandika hivyo na ndivyo nilivyosema. Sikumtaja mtu, lakini mama akachukua anachokitaka. "Umeona? Mtoto alifikisha. Wewe ndiye unayegeuza maneno." Baba akafungua mdomo, akaufunga. Nafikiri alijua. Nafikiri alijua na akaniachia. Sijui kwa nini, na kutokujua huko ndiko kunakonitesa kuliko hata makofi.

Mama alinishika mkono tukaondoka. Njia nzima ananiambia, "Usiogope, wewe hukukosea kitu." Kila akisema hivyo nilitamani kuruka barabarani.

Jumatatu, 1 Julai

Shule imefunguliwa. Nimepita shule ya msingi ya Wema nikasimama kwenye ua. Darasa lao lilikuwa linaimba. Nikaondoka.

Jumamosi, 6 Julai

Jana mama alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Ametoka na karatasi ya wito. Tarehe 24 tunaitwa wote. Baba naye, nimesikia, amepeleka maelezo yake: anapendekeza kila mzazi akae na mtoto mmoja, mkubwa kwa mama, mdogo kwake. Haki sawa, anasema. Kama wanaogawana viazi.

Alhamisi, 11 Julai

Wema alipiga kwa simu ya jirani yake bibi. Upepo mwingi. Alisema bibi anamwamsha saa kumi na mbili, alisema watoto wa kule wanamcheka kwa sababu hajui Kiha vizuri, alisema amejifunza kuogelea kidogo. Halafu sauti ikabadilika.

"Dada, mnakuja lini kunichukua?"

"Karibuni."

"Karibuni lini?"

"Wema, tulia. Karibuni."

"Ulijua kama naondoka?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata simu.

Jumapili, 14 Julai

Mama ananifundisha cha kusema mbele ya afisa. Tulikuwa tunachambua mchele. "Utasema baba yako anageuza maneno. Utasema nilikataa, ukamwambia, akapuuza. Basi. Usiongeze."

"Kisha itakuwaje?"

"Kisha nitawachukua wote wawili, na yeye abaki na mbalamwezi yake."

"Hatatuona kabisa?"

Mama akapeperusha mchele kwenye ungo kwa nguvu mpaka mwingine ukamwagika. "Nataka ajue inavyouma."

Siku zote nimemwona mama kama mtu aliyeonewa, na baba kama mtu anayeonea. Nilikuwa nimepanga hivyo kichwani, nyumba hii na nyumba ile. Leo nimemwona mama akitaka mtu aumie, na uso wake ulikuwa mzuri uleule. Nikaokota mchele uliomwagika, punje moja moja, ili nisizungumze.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya uongo. Kwani nani alimwambia?

Jumatano, 24 Julai

Ofisi ni chumba kidogo, feni haizunguki, benchi moja. Baba upande huu, mama upande ule, mimi katikati, bila shaka. Afisa ni mama mmoja mpole mwenye miwani, anaitwa Bi Regina. Alisoma maelezo ya mama, akasoma ya baba. Akasema, "Mzazi mmoja mtoto mmoja. Huwa inatokea. Si kitu kizuri, lakini wazazi wasipoelewana kabisa, inatokea." Akamuuliza baba kwa nini alimpeleka mtoto bila makubaliano.

Baba alivua kofia. Nilitarajia apige kelele. Akasema, "Ziwa likifunguliwa narudi kwenye kazi ya usiku. Siku za giza watoto hawapo. Siku za mwezi wako shule, jioni wamechoka, mimi sijui hata cha kuongea nao. Hii miezi ya kufungiwa nimekaa nao nikaona ninachokosa. Kagunga nikivua upande ule, asubuhi nashusha dagaa pale, namwona anapita na sare yake. Nilitaka angalau mmoja niwe namwona mchana." Akaigeuza kofia mikononi. "Na niliambiwa mama yake amekubali."

"Muongo," mama akasema.

Bi Regina akanigeukia. "Yunisi. Una miaka kumi na sita, maneno yako yana uzito hapa. Wewe ndiye ulipeleka ujumbe. Mama yako alisema nini, na baba yako uliambiwa umwambie nini?"

Mama akanigusa goti kwa goti lake. Baba akatazama sakafu. Hapo nikaelewa kwamba hatanitaja. Angekaa kimya mpaka anyang'anywe wote wawili, lakini asingesema "mwanangu aliniongopea". Hilo ndilo lililonivunja.

"Mama alikataa," nikasema. "Alisema hata siku moja. Mimi ndiye nilimwambia baba kwamba mama kasema asikae sana. Niliyabadilisha. Na ya kabla yake pia. Baba hakuwahi kuomba atubakishe likizo, alisema kama mama hataki akamshtaki. Mama hakuwahi kumshukuru. Nimekuwa nabadilisha tangu Juni." Nikaanza kulia vibaya, kamasi na kila kitu. "Nilichoka kubeba matusi yenu."

Kisha wakaanza, wote kwa pamoja!

"Yaani wewe mtoto!" mama akasema.

"Unajua mdogo wako amelia kiasi gani?" baba akasema.

"Mwezi mzima unanitazama machoni!"

"Mwezi mzima! Na mama yako anahangaika huku na huku!"

"Na baba yako anaitwa muongo mbele ya watu!"

Nilikuwa nalia, lakini masikio yangu yalisimama. Miaka miwili sijawasikia wakikubaliana juu ya jambo lolote, na sasa wanakubaliana, neno kwa neno, kwamba mimi ni mpumbavu.

Bi Regina akagonga meza kwa kalamu. "Basi. Amekosea, na amesema. Sasa nyinyi. Nani alimpa mtoto kazi ya kuwa tarishi?"

Feni haikuzunguka.

"Toeni simu zenu. Wekeni mezani. Fungulianeni namba, sasa hivi, naangalia."

Mama alifungua ya kwake kwa vidole viwili. Baba alibonyeza, akabonyeza, akatoka jasho. Alinisogezea mimi kama kawaida. Bi Regina akasema, "Mtoto asiguse." Kwa hiyo mama, akiwa amevuta midomo, akachukua simu ya baba, akajitafuta mwenyewe humo ndani. Nilichungulia. Alikuwa ameandikwa "Mama Watoto". Mama alikaa na ile simu kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamrudishia bila neno.

Uamuzi: hatutenganishwi. Siku za shule kwa mama, wote wawili. Jumamosi na Jumapili na likizo kwa baba, wote wawili, mwezi uwe umewaka au umezimika. Wema arudishwe wiki hii hii.

Jumapili, 28 Julai

Jana tulikwenda Kagunga watatu. Baba alikaa mbele ya boti, mama nyuma, mimi nilikaa na mzigo wa mtu nisiyemjua. Bibi Ndayikunda alitupokea amesimama kwa fimbo yake. Akawaambia baba na mama, Kiswahili na Kiha vikiwa pamoja, "Huyu umwana kila boti ikifika anashuka ufukweni kuangalia nani ameshuka. Kila boti. Mimi miguu yangu inauma lakini si kwa kiasi cha kuhitaji mtoto ateseke hivyo." Mama alimwamkia kwa kupiga magoti, na bibi akamshika kichwa. Walikuwa wanapendana zamani hawa. Hilo nalo liliachwa korido ya mahakama.

Wema alimkimbilia mama. Akamkimbilia baba. Mimi akanipita.

Ijumaa, 2 Agosti

Wema hanisemeshi. Amehamia upande wa ukutani kitandani na amenipa mgongo. Leo mezani nilikuwa nimekaa karibu na chumvi. Akasema, "Mama, mwambie dada anipe chumvi."

Mama aliacha kula. Mimi pia. Wema ndiye pekee aliyeendelea.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna shule, hakuna mazungumzo. Nimejaribu kumsuka mdoli wa Wema. Akaja akamchukua.

Alhamisi, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Nasikia Bangwe nzima ilijaa ufukweni, nyavu mpya, kelele, wachungaji na mashehe wakiombea mitumbwi. Na mwezi? Mwezi uko karibu kujaa! Wamefungua ziwa siku ambazo dagaa hawavuliki. Baba alimpigia mama kumwambia, na mama akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alicheka kwa simu, na baba, nilimsikia, naye akacheka. Hawajarudiana na hawatarudiana, mimi si mtoto kiasi hicho. Ila nilitoka nje niwaache.

Jumamosi, 17 Agosti

Tuko Bangwe, siku zetu za baba. Ametutuma kufua mablanketi ufukweni kabla jua halijawa kali. Tulikwenda na beseni, Wema mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Alisugua la kwake. Nikasugua la kwangu. Kulikuwa na wanawake wengine mbali kidogo, wanapiga soga. Nilijua nisipolisema leo nitalibeba mpaka niolewe. Nikaacha sabuni.

"Wema. Ulipopiga simu uliniuliza kama nilijua unaondoka. Siku ile yenyewe sikujua. Lakini niliongopa kabla. Mama alikataa usiende, mimi nikamwambia baba kwamba mama amekubali. Ndiyo maana ulikwenda. Si baba, si mama. Mimi. Na ulipouliza, nikakukatia simu. Mtandao haukuwa mbaya."

Alizamisha blanketi, akalitoa, akalizamisha tena.

"Kwa nini?"

"Niliogopa watagombana."

"Si waligombana?"

"Waligombana."

"Sasa ulisaidia nini?"

"Hakuna nilichosaidia. Nisamehe, Wema."

Hakusema amenisamehe. Alisema kwamba siku ya kwanza Kagunga alijua ni mchezo, siku ya pili alijua nitakuja, siku ya tatu akajua siji. Alisema kule watoto walimuuliza kama ana ndugu, akawaambia hana. Alisema yote hayo anatazama maji, sauti ya kawaida kabisa, na mimi sikujitetea hata kwa neno moja, ingawa nilikuwa na maneno mengi na mengine yalikuwa mazuri.

Kisha akajaribu kulikamua blanketi lake. Ni zito likilowa, lilimshinda. Akalivuta, likaburuta mchangani, akaanza upya kulisuuza. Nilisimama nikaacha mikono yangu ikining'inia, maana nilishazoea kuwafanyia watu mambo ambayo hawajaniomba.

Akalitoa majini mara ya tatu. Akashika ncha moja kwa mikono yote miwili, akanitupia ile nyingine, maji yakanilowesha kifua kizima.

"Shika huko," akaniambia. "Zungushia kulia."